Tunduma Kabla ya Foleni ya Malori: Historia ya Mabega Yasiyo na Majina

Ukitafuta neno "Tunduma" mtandaoni, kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni foleni. Malori yamejipanga hadi macho yanachoka, madereva wanasonga ugali pembeni ya tela, utingo anaosha vioo kwa mara ya nne leo. Klipu ina muziki, ina laiki, maisha yanaendelea.

Sasa rudia klipu hiyohiyo, halafu usiangalie lori. Angalia nyuma yake. Kuna kijana kavua shati, shingoni kaweka kitambaa, anapanda ubao mwembamba na gunia la mahindi mgongoni. Hajulikani jina. Hakuna anayemtag.

Kijana huyo ana historia ndefu kuliko lori lenyewe. Na ndani ya historia hiyo kuna namba moja ya kushangaza. Mpagazi wa karne ya 19, yule wa kwenye vitabu vya shule anayetembea kwa miguu kutoka pwani hadi maziwa makuu, kwa kawaida alibeba mzigo wa kilo kama 30. Gunia la mahindi la leo ni kilo 100, na likifungwa lumbesa linapita hapo.

Ni kweli mpagazi alitembea miezi na kuli wa leo anatembea hatua chache. Hata hivyo, inakuwaje miaka zaidi ya 150 baadaye, zama za simu janja na mifumo ya forodha ya kompyuta, uzito unaowekwa juu ya mtu mmoja uwe umepanda mara tatu?

1857: mwaka wa matukio mawili

Mwaka 1857 msomi mmoja wa Poland, Wojciech Jastrzębowski, aliandika makala akaja na neno jipya. Alichukua neno la Kigiriki la "kazi" na lile la "sheria", akayaunganisha. Ndilo neno ambalo leo linaitwa ergonomia. Maana yake kwa Kiswahili cha mtaani ni hii: panga kazi imfuate mtu, usimlazimishe mtu kuifuata kazi. Meza iwe na urefu unaomfaa anayeitumia. Mzigo uwe na uzito ambao mwili unaumudu leo, kesho na miaka ishirini ijayo.

Mwaka huohuo wa 1857, mwezi Juni, msafara wa Waingereza Richard Burton na John Speke uliondoka Zanzibar kwenda kulitafuta Ziwa Tanganyika. Burton na Speke wana majina, wana picha, wana vitabu. Wapagazi waliobeba vitambaa, shanga, waya na vyombo vyao hawana.

Lakini jamaa hawa wasio na majina hawakuwa wanyama wa mizigo. Walikuwa mafundi. Hasa Wanyamwezi, ambao upagazi kwao ulikuwa kazi ya heshima, kijana anaondoka kwao akiwa mvulana anarudi mwanaume. Msafara ulikuwa na kirangozi wake wa kuongoza njia, ulikuwa na taratibu zake na ulikuwa na kipimo chake.

Kipimo kilikuwa frasila. Frasila moja ni ratili 35, yaani karibu kilo 16. Mzigo wa mtu mmoja ulizunguka kwenye frasila mbili, kilo 32 hivi au chini kidogo. Juu ya hapo mpagazi alikuwa na vyake: mkeka, chungu, chakula na silaha.

Hata ufungaji ulikuwa na akili yake. Vitambaa vilikunjwa vikawa robota refu na jembamba, kisha likakazwa kwa vijiti virefu vilivyofungwa sambamba nalo. Vijiti vilisaidia mambo mawili. Robota halikupinda wala kuyumba njiani. Halafu mpagazi akitaka kupumzika, aliliegemeza kwenye mti badala ya kulilaza chini. Kuondoka, anaingiza bega tu na safari inaendelea, bila kuinama hadi ardhini kuling'oa. Mzigo usiogawanyika, mfano kasha zito, ulitungikwa kwenye mti mrefu na kubebwa na watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Pwani wengi walipenda kubeba kichwani juu ya ngata. Wanyamwezi walipenda bega.

Hakuna profesa aliyewafundisha. Walikuwa wameshaijua ergonomia wakati neno lenyewe ndiyo kwanza linaandikwa Poland.

Na kipimo hicho hakikutoka kwenye huruma ya tajiri. Kilitoka kwenye ubishi. Asubuhi ya kugawa mizigo ilikuwa vurugu. Watu walinyanyua, wakapima kwa mikono, wakakataa, wakabadilishana. Tajiri akiongeza uzito kimyakimya, anaamka siku ya pili anakuta mzigo upo na mtu hayupo. Kutoroka kulikuwa silaha. Wenye misafara walilalamika sana juu ya hili kwenye maandishi yao, wakawaita wapagazi wavivu na wakorofi. Ukisoma malalamiko hayo leo unaona kitu kingine kabisa: wafanyakazi waliokuwa na uwezo wa kusema "hapana, punguza."

Barabara ya tajiri wa Glasgow

Misafara mikubwa ya Wanyamwezi ilipita kaskazini zaidi, njia ya Tabora na Ujiji. Eneo la Tunduma liliingia kwenye ramani ya biashara ya kizungu kwa mlango mwingine.

Mwaka 1881 tajiri wa Glasgow aliyeitwa James Stevenson aliahidi pauni 4,000 ili ikatwe barabara kutoka ncha ya Ziwa Nyasa hadi Ziwa Tanganyika. Lengo lilikuwa kuunganisha maziwa mawili kwa mizigo na dini. Injinia wa kwanza, James Stewart, alifia kazini mwaka 1883. Barabara haikuwahi kukamilika kama ilivyochorwa, ila njia ilipatikana, na jina Stevenson likabaki.

Kazi moja iliyopita uwanda huo haielezeki bila mabega. Wamisionari wa London walitaka meli ya mvuke kwenye Ziwa Tanganyika. Meli iliitwa Good News. Ililetwa ikiwa vipandevipande, ikafikishwa hadi Nyasa, halafu kati ya maziwa mawili vipande vikasafirishwa nchi kavu kwa nguvu za watu. Mwaka 1885 ikaelea Tanganyika. Historia inaikumbuka meli, mfadhili na kapteni. Waliovuka uwanda na vyuma mabegani wameingia kwenye kumbukumbu kama "wenyeji".

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zikatia saini mkataba wa kugawana maeneo. Mpaka kati ya Nyasa na Tanganyika ukachorwa kwa namna ambayo Barabara ya Stevenson ilibaki upande wa Mwingereza. Mstari huo ndio leo unawatenganisha Tunduma na Nakonde. Mto Songwe, ulioupa mkoa jina lake, nao ukawa sehemu ya mpaka huo. Kwa hiyo ile raha ya kunywa chai Tanzania na kununua kitenge Zambia ndani ya dakika kumi, chanzo chake ni njia ya mizigo.

Vita iliyoondoa neno "hapana"

Ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia, na hapa mambo yakageuka.

Mpaka wa Tunduma ulikuwa uwanja wa vita. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey yalivuka kutoka kusini kuingia Afrika Mashariki ya Wajerumani. Barabara za magari zilikuwa chache, wanyama wa kubeba walikufa kwa mbung'o, na reli haikuwepo. Ikabaki njia moja, watu. Upande wa Zambia na Malawi wapagazi hao waliitwa tenga-tenga. Upande mwingine walikuwa Carrier Corps, jina ambalo midomo ya Waswahili iliibadilisha likawa Kariakoo. Ndiyo, Kariakoo hiyohiyo unayonunulia viatu na kava za simu.

Tofauti na mpagazi wa 1857, huyu hakuwa na nafasi ya kukataa. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Chakula kilikuwa kidogo na kigeni kwa matumbo yao, mavazi duni, na aliyetoroka alisakwa. Waliokufa kwa upande wa Waingereza peke yake wanahesabiwa na wanahistoria kuwa karibu laki moja, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, nimonia, malaria, njaa na uchovu. Yaani waliuawa na mazingira ya kazi.

Vita hiyo hata mwisho wake ulipita jirani na hapa. Mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la Mjerumani Lettow-Vorbeck lilishambulia kituo cha Fife, karibu na Nakonde ya leo, likaendelea hadi Kasama, na tarehe 25 Novemba likasalimisha silaha Abercorn, mji ambao sasa unaitwa Mbala.

Ukiwa Posta, Dar es Salaam, pita kwenye Sanamu ya Askari iliyosimikwa mwaka 1927. Juu yuko mwanajeshi na bunduki yake, kasimama vizuri kabisa. Chini kuna maandishi, na ndani ya maandishi wapagazi wanatajwa kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Askari kapewa umbo la shaba. Mpagazi kapewa sentensi.

Mapipa, bomba, lami na reli

Ruka hadi tarehe 11 Novemba 1965. Serikali ya walowezi wa Rhodesia, leo Zimbabwe, ilijitangazia uhuru wake kinyume na matakwa ya Uingereza. Zambia ilikuwa inapata mafuta kupitia huko, na mlango ukafungwa. Njia iliyobaki ilikuwa bandari ya Dar es Salaam na barabara ya vumbi kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya hadi Tunduma. Malori yalibeba mapipa ya mafuta kwenye utelezi na milima, mengine yakaishia bondeni. Barabara ile ikapewa jina la njia ya jehanamu.

Stori za jehanamu hiyo zimebaki kuwa za madereva. Lakini pipa la lita 200 likijaa petroli linazidi kilo 150, na halijipandishi. Kila pipa lililofika Zambia lilibingirishwa, likasukumwa na kusimamishwa kwa mikono ya watu.

Baada ya hapo miradi ikafuatana kama mvua. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia ikapigwa lami mwanzoni mwa miaka ya 1970. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilianza kujengwa mwaka 1970, ikafika Tunduma mwaka 1973 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Maelfu ya Wachina na Waafrika waliijenga. Baadhi ya Wachina waliofia kwenye kazi hiyo wamezikwa Gongo la Mboto.

Huko duniani nako kulikuwa na mapinduzi ya kimyakimya. Aprili 1956 Mmarekani Malcom McLean alikuwa amesafirisha makontena kwa meli kwa mara ya kwanza, na ndani ya miongo michache sanduku hilo la chuma likatawala bandari. Kazi iliyokuwa ya makuli mamia ikawa ya winchi moja.

Halafu Oktoba 2019 marais John Magufuli na Edgar Lungu wakafungua Kituo cha Pamoja cha Forodha Tunduma na Nakonde, ili lori likaguliwe sehemu moja badala ya mbili. Mkoa wenyewe wa Songwe ulikuwa na miaka mitatu tu tangu umegwe kutoka Mbeya mwaka 2016.

Ukiipanga orodha hiyo unaona mtiririko safi. Mafuta yalipata bomba. Lori likapata lami. Shaba ya Zambia na Kongo ikapata reli, na karatasi za forodha zikapata jengo la kisasa. Kila kitu kinachopita Tunduma kimewahi kukaliwa kikao ili kipite kirahisi zaidi, kasoro kimoja: hatua kumi kati ya ghala na tela, ambazo gunia la mahindi bado linazipita juu ya mtu.

Hesabu ya gunia moja

Chukua semi moja inayobeba tani 30. Kwa magunia ya kilo 100 hiyo ni magunia 300. Weka vijana sita, kila mmoja anapata magunia 50, sawa na tani 5 kwa lori moja. Kimondo cha Mbozi, kile ambacho watu wa Songwe wanajivunia na watalii wanapigia picha, kinakadiriwa kuwa na tani 12 hadi 16. Kijana akipakia malori matatu amebeba uzito wa kimondo, na kesho anaamka tena.

Mwili unafanyaje hapo? Fikiria pembea ya watoto, ule ubao wa kupanda na kushuka. Mtu mwepesi akikaa mbali anaweza kumnyanyua mzito aliyekaa karibu na katikati. Uti wa mgongo unafanya kazi hivyo. Mzigo ukiwa mbali na mwili, misuli ya mgongo inayovuta kutoka karibu na uti inalazimika kuvuta kwa nguvu kubwa mara nyingi kuliko uzito wenyewe, na nguvu hiyo yote inabana vile vitakia laini vilivyo kati ya pingili. Ongeza kuinama, ongeza kujipinda kiuno, ongeza kurudia mara 50. Siku moja kitakia kinatokeza, kinagusa mshipa wa fahamu, na maumivu yanashuka hadi mguuni. Mtaani wanasema "kiuno kimekamata."

Wataalamu wa Marekani wa taasisi ya NIOSH walipotafuta kipimo salama cha kunyanyua kwa mikono, walifika kwenye kilo 23. Na hiyo ni kwa hali nzuri kabisa: mzigo uko karibu na mwili, uko usawa wa kiuno, hakuna kujipinda, na hunyanyui mfululizo. Hali ikiwa mbaya, namba inashuka. Shirika la Kazi Duniani lilitaja kilo 55 kama ukomo wa mwanaume mtu mzima, na hilo lilikuwa mwaka 1967, wakati bomba la TAZAMA halijaanza hata kupitisha mafuta.

Sasa rudi kwa wapagazi wa 1857 na frasila zao mbili, kilo 32. Bila maabara, kwa kuinua na kubishana tu, waliikaribia namba ya wanasayansi kuliko soko la mahindi la leo.

Kuna sheria, usidhani hakuna. Sheria ya Vipimo ya Tanzania inapiga marufuku lumbesa, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Maofisa wa vipimo wanakamata, wanatoza faini, video zinasambaa. Lakini sababu ya kikomo hicho ni kumlinda mkulima asipunjwe na mnunuzi anayelipa gunia moja akachukua gunia na nusu. Hiyo ni haki kabisa. Kilo 100 zenyewe zilikuwa namba ya biashara, na mgongo wa anayebeba hakuna aliyeuuliza.

Kenya walisogea kidogo. Kanuni zao za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa mfuko. Utekelezaji una vita yake, maana madalali wanapenda mfuko mkubwa, lakini namba imeandikwa.

Ghala ambalo mtu angelipanga upya

Raha ya ergonomia ni kwamba mara nyingi dawa yake haihitaji roboti. Inahitaji mbao, saruji kidogo, na mtu wa kuuliza swali sahihi.

Kitanda cha lori kubwa kiko juu ya ardhi kwa mita 1.2 hadi 1.5. Jenga jukwaa la urefu huohuo mlangoni mwa ghala, ubao wa kupandia unakufa. Kijana anasukuma toroli kutoka sakafu ya ghala hadi ndani ya tela kwenye usawa mmoja. Magurudumu yanabeba, yeye anaongoza. Kwenye mlango huohuo, mteremko wenye vyuma vya kuviringika unashusha gunia bila mtu kulidaka kifuani.

Mizani nayo. Mizani ikikaa juu ya ardhi, kila gunia linanyanyuliwa kupimwa na kunyanyuliwa tena kuondolewa. Mizani ikichimbiwa chini iwe sawa na sakafu, gunia linafika juu yake kwa toroli na kuondoka kwa toroli. Kwa lori la magunia 300, hiyo ni minyanyuo 600 iliyofutwa kwa kuchimba shimo moja.

Wapo na wengine ambao klipu za malori haziwaonyeshi kabisa: kina mama wanaochambua. Mbozi ni nchi ya kahawa, na Songwe nzima ina maharage na mahindi. Punje mbovu na mawe yanatolewa kwa mikono, mara nyingi mtu kakaa chini, miguu kainyoosha, shingo kaiinamisha tangu asubuhi. Meza ya usawa wa kiwiko cha aliyekaa, kiti chenye mgongo, mwanga wa kutosha na ukingo wa kuzuia punje zisimwagike: fundi seremala wa mtaani anatengeneza hivyo vyote bila kuagiza kitu nje. Shingo inapona na uchambuzi unakuwa safi, kwa sababu mtu anayeumwa haoni punje mbovu vizuri.

Halafu gunia lenyewe liwe la kilo 50. Hapo ndipo ubishi unapoanza, na si ubishi wa kijinga. Makuli wengi wanalipwa kwa gunia. Gunia likigawanywa mara mbili, tajiri atalipa nusu? Atalipa ileile? Kijana anayehesabu siku yake kwa idadi ya magunia ana haki ya kuogopa. Kwa hiyo malipo yahamie kwenye tani. Tani moja ni tani moja, iwe imegawanywa mara kumi au mara ishirini. Bila hivyo, mageuzi ya afya yanageuka kuwa mageuzi ya njaa, na wa kwanza kuyapinga watakuwa haohao yaliyotakiwa kuwaokoa.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi

Methali hii ya wahenga inachoma: mzigo ukiwa wa mwenzako, unauona mwepesi kama sufi.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri ahakikishe kazi haimdhuru mfanyakazi, na wakala wa OSHA yupo kuisimamia. Ina pia Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, iliyozaa mfuko wa WCF ambao waajiri wanachangia ili anayeumia kazini alipwe. Kwenye karatasi, mgongo una ulinzi.

Shida ni neno "mwajiri". Kuli wa mpakani leo anapakia mahindi ya tajiri wa Mbeya, kesho anashusha mchele wa mfanyabiashara wa Dar, keshokutwa mzigo wa Mzambia. Kiuno kikikamata kwenye gunia la 37, mwajiri wake ni nani? Mwenye mzigo? Mwenye lori? Mwenye ghala? Kiongozi wa kikundi? Kila mmoja anamnyooshea kidole mwenzake, na kijana anarudi nyumbani na dawa ya kuchua.

Ghala ndilo lisilohama. Tajiri anaondoka, lori linaondoka, gunia linaondoka, lakini mlango wa ghala kesho upo palepale, na ndipo jukwaa linapoweza kujengwa na mizani kuchimbiwa. Stendi ya mabasi ina masharti, bucha lina masharti, hata kibanda cha chipsi kina masharti. Sehemu inayopitisha tani kwa tani kila siku inaweza kuwekewa masharti yake: urefu wa jukwaa, uzito wa gunia, na daftari la majina ya wanaopakia pale.

Daftari hilo linaonekana jambo dogo, ila lingekuwa kitu kipya kabisa kwenye historia hii. Wa 1857 hawakuandikwa. Waliobeba meli hawakuandikwa. Tenga-tenga wengi walizikwa bila alama. Wa mapipa ya mafuta, sijui nani anayewakumbuka, wamebaki kwenye stori za vijiweni. Anayepakia leo Tunduma ana namba ya NIDA, ana laini ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole, na bado akiumia hakuna karatasi inayoonyesha kwamba siku hiyo alikuwa kazini.

Jioni malori yakianza kusogea kuelekea Nakonde, vijana wanakaa kwenye kivuli cha ukuta, wanagawana hela ya siku. Mmoja anasimama taratibu, mkono mmoja ukutani, mwingine kiunoni. Ana miaka ishirini na kitu. Wenzake wanamcheka, wanamwita mzee, na yeye anacheka pia, kisha anasubiri kidogo kabla ya kuanza kutembea.